Siafu na Mbawakawa kwenye Pini Moja

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 15 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, na kwa huyo mwanenu anayeota meno. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima. Kile kikohozi cha wifi kimekwisha? Mwambie asiidharau baridi ya huko, na asiache kifua wazi kwa ajili ya urembo. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukujibu, maana tangu tumzike Mama nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Wageni wa msiba wote wamekwisha kuondoka. Viti tulivyoazima vimerudi kwa wenyewe. Nilifua mashuka, nikayaanika, mvua ikaja, nikasimama dirishani nikiyatazama yakinyeshewa. Jirani mshona nguo ndiye aliyetoka kuyaanua. Akanitazama, akaguna. Wewe usijilaumu kwa kutokuja. Tunajua hukupata ruhusa, na hata ungekuja ningekupa chai kisha nikusahau sebuleni. Sijalia bado. Watu wameliona hilo na wamelisema.

Nimerudi kazini. Uliwahi kuniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, simu ikakatika kabla sijafika popote. Basi nikueleze, utaona kwa nini.

Hapa makumbusho nimewekwa chumba cha wadudu, upande wa mbawakawa wenye mabawa mafupi. Ni wembamba, na vifuniko vya mabawa yao havifiki hata nusu ya mgongo, utadhani mtu mzima aliyevaa kizibao cha mtoto. Ukoo wao ni mkubwa ajabu, spishi maelfu kwa maelfu, na wengi wanaishi chini ya majani makavu wakitafuta riziki yao bila kumsumbua mtu. Ila wako waliohamia kwa siafu na sisimizi. Hao ndio wangu.

Ungewaona ungecheka. Yuko mwenye kiuno chembamba cha siafu, miguu ya siafu, mwendo wa siafu, hata harufu ameichukua. Wenyewe wakimgusa kwa vipapasio hawashtuki. Yuko mwingine mnene, kipofu, ana vishungi vya nywele mgongoni vinavyotoa utamu, na sisimizi wanamlamba kisha wanamlisha mdomo kwa mdomo. Mkono mtupu haulambwi, na huyu analijua hilo. Wako wanaokula taka za nyumba, na wako wanaokula watoto wa mwenye nyumba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawajapewa jembe tangu dunia iwe dunia.

Kuwapanga ndiko kunakochosha macho. Ukifuata sura umekwisha. Wale wenye kiuno cha siafu unaweza kudhani wametoka tumbo moja, kumbe kila kundi lilihamia kwa siafu wake kivyake na kubadilika umbo huko huko. Ndugu yake wa kweli yuko kwenye majani makavu, na hawafanani hata kidogo. Kwa hiyo tunatazama mdomo, tunahesabu viungo vya nyayo, wengine tunawapasua. Hapo ndipo tunapojua nani wa ukoo gani.

Lakini kuna jambo ninalomfundisha kila anayeingia chumba kile kabla hata sijamwonyesha choo. Mbawakawa wa namna hii hawekwi kwenye pini peke yake. Anagundishwa kwenye kikadi juu, na chini yake, kwenye pini ile ile, anagundishwa siafu aliyekutwa naye. Karatasi yao husema mahali na tarehe tu. Aliishi na nani, siafu mwenyewe ndiye shahidi.

Sasa tumeletewa mkuu mpya. Tunamwita Droo, kwa sababu hata kijiko chake cha chai kina droo yake. Droo akaamua kila mdudu arudi kwa ukoo wake: mbawakawa kabati la mbawakawa, siafu kabati la siafu. Dada yako wa zamani, yule unayemjua wewe, angepandisha sauti mpaka vioo vitikisike. Mimi wa sasa nilitii. Nilichukua brashi na maji ya moto, nikalainisha gundi, nikaanza kuwatenganisha, asubuhi nzima. Siafu nikawa nawatia kwenye kisahani.

Siku hiyo hiyo Baba Mkubwa akanifuata kazini. Alisema hakutaka masikio ya majirani. Akavuta kiti, akauliza nafanya nini, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akainama kwenye hadubini akatazama weee. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

“Kumbe huyu si siafu?”

“Si siafu.”

“Na siafu hawajui?”

“Hawajui, au wanajua na hawajali. Hakuna aliyewauliza.”

“Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako,” akasema, na hapo ndipo alipotoa lililomleta.

Lililomleta ndilo lililonishikisha kalamu. Anasema nyumba hii ni ya mtoto wa tumbo la Mama, na tumbo la Mama lilizaa mmoja tu, wewe. Mimi nilipokewa kwa jirani aliyefia uzazini. Ulikuwa wema wa Mama, na wema umezikwa na mwenyewe. Damu nzito kuliko maji, anasema. Anataka nihame ili mwanawe wa kwanza aingie, akutunzie. Lakini hatanitoa kwa nguvu, yeye si mtu wa fujo. Mwisho wa mwezi atakupigia simu mbele ya ukoo wote, na atakuuliza swali moja: huyu ni nani wako? Utakalojibu ndilo litakalofuatwa.

Hakuna jipya alilosema. Mama hakutuficha. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinikasirikia unaniambia nirudi kwetu, Mama anakuchapa, kisha tunakula sahani moja. Nilimsikiliza Baba Mkubwa mpaka mwisho, moyoni kimya kabisa. Nikamsindikiza hadi mlangoni nikamshukuru kwa kuja. Nilimshukuru, mdogo wangu!

Niliporudi mezani nikatazama kisahani. Siafu walikuwa wamelaliana, weusi kwa wekundu, na sikuweza tena kusema yupi alikuwa wa nani. Pembeni walikuwapo mbawakawa, safi, kila mmoja na jina kamili la ukoo wake. Waliishi kwa nani, sasa hakuna atakayejua. Nikaenda kwa Droo nikamwambia siendelei. Nilidhani nitagomba, sauti ikatoka ya kawaida tu. Akauliza sababu, nikampa. Akakuna kichwa, akasema basi waliobaki waachwe walivyo. Waliokwisha kutenganishwa ndio hivyo tena.

Najua utaanza kunitafutia fumbo hapa. Acha. Mbawakawa ni mbawakawa, na mimi sijala mtoto wa mtu.

Barua hii anakuletea fundi majokofu wa mtaani kwetu, anasafiri kesho kuja huko. Kwenye simu nisingeweza. Sauti yangu siku hizi haina mtu ndani. Sitaki kukutia maneno mdomoni. Nyumba ukitaka kumpa mwana wa Baba Mkubwa, mpe. Nitapanga chumba, kazi ninayo. Hilo haliniumi, au linaniuma na mimi sijui. Ninaloliogopa ni lile swali. Nimejaribu kuwaza ukilijibu anavyotaka yeye, na tangu msiba ndicho kitu pekee kilichonifanya niweke kalamu chini na kuinuka mezani. Ikiwa utasema mimi ni mtu tu aliyelelewa kwenu, niambie kwanza mimi kabla ya wao. Nisije nikalisikia kwenye spika ya simu, nimesimama na sinia la vikombe mbele za watu.

Nisalimie wifi sana. Jirani mshona nguo anakusalimu, anauliza kama umenenepa, akukatie suruali. Baba Mkubwa hakunituma salamu, lakini ni mzima, na akipiga mwamkie kwa heshima, ni mkubwa wetu. Mtoto mpake mafuta kifuani kabla ya kulala, na mwambie shangazi yake anampenda. Nimeandika shangazi, nikakaa nikilitazama hilo neno. Sikulifuta.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe riziki isiyo na masimango na usingizi wa kutosha.

Akupendaye, niliyekubeba mgongoni ukaacha kulia,

Dada yako, mpaka useme vinginevyo.