Mstari Unashuka, Laga Inapanda

Lodwar, Jumatano, Aprili 2013. Mvua tangu jana.

Mtaa wetu wa Kanamkemer wote unashangilia. Watoto wanaoga barabarani na jirani yangu ametoa ndoo zake zote nje. Mimi nimefunga dirisha.

Ninaogopa. Wanaonisoma kwenye blogu hii wamezoea hasira yangu. Leo nimeitafuta, sikuipata.

Asubuhi nilihudhuria kikao cha kipindupindu kwa niaba ya wakazi. Afisa wa takwimu alibandika mchoro ukutani. Alieleza vizuri, simnyimi hilo. Kila mgonjwa anaambukiza watu wangapi kwa wastani? Wakizidi mmoja, ugonjwa unakua. Wakipungua chini ya mmoja, unajifia wenyewe. Kule Kakuma, akasema, tumeshuka chini ya moja. Hema la matibabu litakunjwa keshokutwa.

Watu wakapiga makofi.

Nikauliza wagonjwa hao wanahesabiwa wapi. Hemani, akajibu. Na hema liko upande gani wa laga?

Akageukia mchoro wake.

Laga ile ni mto wa msimu, mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Watu hufukua visima humo na kunywa. Sasa imejaa maji ya kubeba ngamia. Anayeharisha ng'ambo havuki. Asiyevuka hafiki hemani. Na asiyefika hemani, kwa mchoro ule, si mgonjwa.

"Mzee, wewe hata mvua unaipinga," mwenyekiti wa kikao akasema, na chumba kizima kikacheka.

Mimi si adui wa hesabu. Nimewagombeza wengi hapa wanaokataa takwimu kwa sababu tu haziwapendezi. Wastani ule ni chombo kizuri. Lakini hauwezi kutofautisha ugonjwa uliokwisha na njia iliyokatika. Vyote viwili huchora mstari uleule unaoshuka.

Saa kumi jioni dada yangu Akai akapiga simu. Anauza samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, pale Kakuma, na chumba chake kiko ng'ambo ya laga.

"Ejok, salama, kaka. Mimi niko tu sawa. Tumbo ndio inaendesha, tangu asubuhi."

Nikamuuliza anakunywa nini. Jirani yake, mama mmoja Mkongomani, anamchanganyia maji kwa chumvi na sukari. Sukari inaelekea kuisha. Je, kuna wagonjwa wengine huko?

"Wako. Tunangoja laga ishuke." Akapumzika kidogo, kama mtu aliyepanda mlima. "Na usiandike mimi kwa hiyo blogu yako. Utanimalizia wateja."

Nakuandika, Akai. Hakuna pengine ulipoandikwa.

Nimempigia mwenyekiti. Safari hii hakucheka. Alisema kwa upole kwamba tusubiri takwimu za kesho.

Za kesho zitakuwa nzuri kuliko za leo. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Alfajiri natafuta gari la Kakuma, na kilo kadhaa za sukari mfukoni. Nikifika ukingoni sijui nitavukaje. Kuogelea sikujifunza, nani hujifunza hapa kwetu? Nisipovuka nitaketi ndani ya hema lile, na walikunje nikiwemo.

Akai atakuwa bado anapokea simu?

Mvua imeongezeka. Jirani anagonga dirisha langu, anacheka, ananiambia nitoe ndoo.