Bata Wako Wamelegea Shingo, Mama

Mamangu,

Salamu sijui nizianzie wapi, maana kukuuliza u hali gani siwezi, na hali yangu mimi utaiona humu humu. Nimekaa barazani, na mwandiko ule uliokuwa ukiusifu leo ni makorokoro matupu. Mama, tumemdhulumu mtu.

Nianze na bata. Ulipofariki nilirudi Jomvu kukaa humu nyumbani, na wale bata wako kumi na wawili nikawashika kama amana, kila kitu vile vile ulivyonifunza. Mlango wa banda naufunga kabla ya adhana ya magharibi. Yale mawe uliyoyazika kuzunguka banda ili fungo asichimbe, nimeyakagua moja moja. Wavu mkuukuu wa Kaka Athmani bado umetandwa juu ya vifaranga, kunguru wabaki kupiga kelele tu. Hata kenge wa mikokoni, yule uliyemrushia mwiko ukampata mkia, ukacheka mpaka ukakaa chini, sijamuona tena. Nikawa najisifu moyoni: Mama angeniona!

Jumatatu iliyopita Athmani akaniletea matumbo ya samaki. Nikafanya ile "biriani ya bata" yako. Nikayatia kwenye karai bovu, nikafunika gunia, nikayaacha juani siku tatu mpaka funza wakajaa. Alhamisi nikawamwagia. Walivyogombania, wallahi, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ijumaa asubuhi nafungua banda, bata saba wako chini. Hawana jeraha, hawana damu. Macho wazi, mbawa zimelala, shingo zimelegea kama kamba iliyorowa. Namwinua mmoja kichwa, kichwa chaanguka. Nilipiga ukelele, Mama. Ni vile vile kama mwaka ule wa themanini na nane.

Wakumbuka. Utasahauje? Walikufa tisa kwa siku mbili, nawe ukasema ni Mama Kadzo, jirani yetu, kwa kuwa jana yake alipita uani na ndoo ya pumba akakuachia. Ukaenda bombani, wanawake wote wamepanga madumu, ukamwita mchawi, mtia sumu. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikaitikia, "Naam, nimemuona kwa macho yangu haya." Nilichokiona ni pumba, Mama. Pumba tupu za jirani mwema.

Na Mama Kadzo alikuwa akiuza mahamri na mbaazi. Nani atanunua chakula kwa mtu aliyeitwa mtia sumu? Wiki haikwisha, sinia lake likawa larudi limejaa kama lilivyotoka. Akaenda kuvunja kokoto machimboni, na mpaka leo avunja kokoto, mgongo umempinda.

Basi Ijumaa hiyo fikira yangu ya kwanza, Mungu anisamehe, ikawa: kaanza tena huyu! Nikajitupia buibui nikaelekea kwake, ulimi umeshanolewa. Aliyenifungulia ni binti yake Kadzo. Akanipa shikamoo, akaniambia mamake yuko Kaloleni matangani kwa nduguye, wiki ya pili sasa. Lahaula!

Nikamwita bwana mifugo. Akawapapasa bata, akauliza wamekula nini. Nami kwa majivuno nikamuonyesha karai. Akaziba pua. Akasema uozo ule hufanya sumu. Funza waila wala hawafi, bata akiwala funza ndiye afaye. Si kila mara, ndiyo maana siku nyingine walikula wakanenepa. Nilimuuliza mara tatu, na mara tatu akanijibu vile vile. Tukawaweka kivulini, tukawanywesha maji safi kwa kijiko, vichwa nimevishika mimi. Watatu wamesimama. Wanne nimewazika nyuma ya choo.

Na mwaka ule wa themanini na nane walikuwa wamekula biriani yao. Nakumbuka vizuri, maana karai nililibeba mimi. Fungo ulimweza, kunguru ukamweza, na kumbe mauti tukiwapakulia wenyewe, kwa mapenzi.

Siku tuliyokuzika, Athmani alisimama mbele ya jeneza akasema mwenye haki kwa marehemu ajitokeze, au amsamehe. Wanaume wote wakaitikia, "Tumemsamehe." Alipotueleza sisi wanawake tuliobaki nyumbani, tukashusha pumzi, tukajua umekwenda mwepesi. Mama Kadzo angeisikia wapi? Yeye alikuja uani na tita la kuni za matanga, akalitua, akaenda zake bila ya kunywa hata maji.

Jana amerudi. Nikaenda, nikapiga magoti jikoni kwake, nikamweleza yote, nikamwomba atusamehe, wewe na mimi. Nilidhani atalia, tukumbatiane, yaishe. Nani amnyimaye maiti msamaha? Hakulia. Aliendelea kupepeta mahindi yake, kisha akasema, "Mchawi niliitwa bombani. Msamaha mwauomba jikoni?"

Ana haki, Mama, na ndilo linaloniuma. Lakini marehemu hustiriwa, ndivyo ulivyonilea, na wewe huna tena mdomo wa kujitetea. Athmani amenikataza katakata, asema nitakuwa nalifukua kaburi lako kwa mikono yangu. Labda. Lakini nikikufichia aibu huku, huko uliko waibeba peke yako, nami siwezi kulala nikijua hivyo.

Karai nimelitoboa, matumbo ya samaki nayafukia siku hiyo hiyo. Bata wanane wamebaki, wanakula mchicha na makombo ya wali, nao wana afya. Hilo usilitilie shaka.

Pumzika, mamangu, Mola akupanulie kaburi. Ahadi yangu ni hii: kesho asubuhi, madumu yakishapangwa, nitasimama bombani nilitaje jina lako na langu, niseme tulimsingizia. Nitakuaibisha, Mama, mbele ya wale wale waliokulilia. Unipe radhi.

Mwanao,
Mwanaisha