Jina Langu Kwenye Mtambo

Chumba cha juu,
Nyuma ya tanuri la mikate.
Tarehe 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Umeanza kushuka ngazi mwenyewe, au bado unamwita mumeo akushike mkono hata pasipo na ngazi? Sisi tu wazima. Mama amepata miwani na sasa anaona vumbi hata mahali lisipokuwepo.

Uliuliza kama kazi ya minara ya simu bado inanipa usingizi. Wiki mbili hizi haikunipa.

Unajua siku hizi sipandi mnara. Nakaa ofisini na kompyuta, naupa kila mnara mipangilio yake: mawimbi yawe na nguvu kiasi gani, na mtu anayetembea akiongea apokewe na mnara upi wa jirani. Kila abadilishaye kitu huingia kwa neno lake la siri, na mtambo huandika jina lake.

Jumatatu moja mnara wa karibu na zahanati ya wazazi ulipunguzwa nguvu hadi simu zikakatika mtaa mzima. Mkunga alikuwa na mama aliyekuwa akivuja damu, akampigia daktari asimpate. Ikabidi akimbie kwa miguu kumwita. Mama yule na mtoto wake walipona, lakini kwa kuponea chupuchupu. Tulipofungua kumbukumbu za mtambo, jina lililoandikwa ni langu. Shangazi, saa ile nilikuwa na Mama kwenye foleni ya kliniki ya macho!

Nilipomweleza Mkuu wetu, akaniambia mbele ya watu, "Mtambo hausemi uongo, mwanangu."

Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako, nikaanza kumtazama Kimya. Huyu ndiye fundi mwenzangu, tunamwita hivyo kwa uchache wa maneno yake, na tunakaa meza moja. Nikipita, anafunika skrini. Akipigiwa simu, anatoka nje. Nikahesabu hata mara anazokwenda chooni. Chai aliyonimiminia niliinusa kwanza, mimi mtu mzima!

Neno langu la siri nilikuwa nimelibandika chini ya kibodi, uzembe wangu mwenyewe. Nikalibadilisha kimyakimya, lakini karatasi nikaiacha palepale. Atakayelitumia atakataliwa, na mtambo utaandika amejaribu kutoka kompyuta ipi.

Jumatano baada ya chakula cha mchana lile neno la zamani likajaribiwa mara tatu. Nikatafuta namba ya kompyuta ile. Haikuwa ya Kimya. Ilikuwa ya Mkuu.

Niliingia chumbani kwake nikafunga mlango. Hakukana. "Mimi nilipanda minara kwa bisibisi miaka ishirini," akasema. "Haya ya skrini siyajui. Niliona haya kuwauliza nyinyi, nikawa najifunza peke yangu."

"Kwa jina langu, Mkuu? Kwa mnara wa zahanati?"

Akaniomba tuandike kwenye taarifa kwamba ni hitilafu ya mtambo.

Shangazi, nilimhurumia. Mficha uchi hazai, na yule mzee alificha hadi karibu amzuie mwingine kuzaa. Lakini nilikataa. Niliandika kila kitu kilivyokuwa, naye akatia saini bila kuniangalia. Sasa ameondolewa kwenye mitambo, na wakubwa wamempangia mwalimu.

Lililobaki lilikuwa la Kimya. Nilimfuata, nikamwambia wazi kwamba nilimshuku, nikamwomba radhi.

"Nilijua," akasema. "Zile simu nilizotokea nje, na zile barua pepe nilizozifunika, ni za karani wa kliniki ya macho, nilikuwa nikimwomba aandike kwamba siku ile ulikuwa kwake. Barua yake nilimpa Mkuu Ijumaa iliyopita."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Mkuu hakuwahi kunionyesha barua hiyo.

Nisalimie mumeo, na binamu mshonaji, na wale mapacha watundu. Mama anakukumbatia. Mungu akulindie wote wanaokaa karibu nawe, akupe na macho ya kuwajua.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nikupendaye siku zote.