Kidole Kitupu cha Maxine

Shambani kwetu, Iowa
Juni 1944

Kaka Emmett,

Hujambo huko Italia? Mguu unaendeleaje, bado unatembelea gongo au umeshaanza ukaidi wako? Sisi huku wazima. Baba anakohoa vumbi la mahindi kama kawaida yake na hataki kusikia habari za daktari. Mama anauliza soksi zilifika, na kama zilifika mbona husemi. Mbwa wako naye hajambo, kamng'ata tarishi tena, mguu ule ule.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kuisoma zizini ili Mama asinione uso. Unaniuliza jambo moja tu: ni kweli Maxine amevua pete yako? Eti Wendell Haas mwenzako wa kikosini kaandikiwa na binamu yake Phyllis kwamba kidole cha Maxine kitupu tangu Machi, na nywele kapaka rangi, lazima yupo mwanamume. Unataka nijibu ndiyo au hapana, nisizunguke. Nitazunguka, kaka. Nivumilie, kufika pale moja kwa moja siwezi.

Ulivyoitwa jeshini Januari ulituachia mwaka wa mwisho wa shule umeliwa nusu. Wavulana waliobaki darasani ni wale wa miwani minene, na Orville ambaye umri wake bado. Basi kila kitu tukafanya wasichana. Tarumbeta lako kubwa la bendi nimelichukua mimi! Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza mwenyewe zizini, na Baba anaapa ng'ombe wamepunguza maziwa. Bwana Ostrander, mwalimu mkuu, alipokusanya chuma cha kuyeyushwa kwa ajili ya vita alitoa hata kengele ya shule, tukawa tunaitwa darasani kwa kugongewa sufuria, mpaka na sufuria nayo ikaenda. Mwisho akawa anasimama mlangoni anapiga mbinja kama anaita kondoo.

Na dansi la wanaomaliza! Karatasi za kupamba hakuna, tukatundika maganda ya mahindi tuliyoyapaka rangi. Wasichana kwa wasichana tukashikana viuno. Mimi nilicheza na Maxine, yeye ndiye mwanamume kwa sababu ya urefu wake. Alinikanyaga makusudi, nikapiga kelele, akaniambia nitulie, hivi ndivyo kaka yako anavyocheza, nakuzoesha usije ukashangaa siku ya harusi yetu. Nilicheka mpaka kamasi zikanitoka, Emmett. Sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule, na naona aibu kusema, maana ni mwaka mliokuwa mnakufa.

Sasa pete. Pete yako ya darasa la wanaomaliza ilivyo kubwa kama nati ya trekta, Maxine aliizungushia uzi wa sufu wa kijani, rangi ya shule yetu, ili isichomoke. Uzi ukichakaa anabadilisha, na sisi wote tunatazama. Shuleni kwetu unajua mwenyewe: msichana akivaa pete ya mvulana wamefungana, akiivua habari imekwisha. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kidole kimeshasema.

Kwa hiyo Machi kidole kilipoonekana kitupu, Phyllis hakuuliza. Na zile nywele za mbele zilipoanza kugeuka manjano, na mikono nayo manjano, Phyllis akampa jina, Kifaranga. Kila akipita, piu piu piu. Siku moja Maxine akageuka akamwambia afadhali mimi kifaranga, bado nakua, wewe ushakuwa kuku wa kutaga na jogoo hujamwona. Darasa zima likaangua kicheko. Ila Phyllis jioni ile akaketi akamwandikia Wendell.

Kaka, ile njano si rangi ya dukani. Ni baruti.

Maxine alikuwa anafanya kazi kwenye kile kiwanda cha mabomu ng'ambo ya mto, zamu ya wanafunzi, kila mchana baada ya masomo. Najua ulimwapisha asikanyage pale kwa sababu ya vidole vya shangazi Hulda vilivyokatika pale pale. Alijua pia. Ndiyo maana hakukuambia, akanikataza na mimi. Alisema Emmett akijua atawaza mikono yangu badala ya kuinamisha kichwa chake risasi zikipita. Alisema kila bomu analojaza linamsogeza Emmett karibu na nyumbani. Nilimwambia wewe una wazimu. Akasema ndiyo, wa kaka yako.

Pale haingii mtu na chuma, hata pini ya nywele. Cheche moja tu inatosha. Siku yake ya kwanza alikuwa ameizoea pete hivi kwamba akasahau kuwa anayo. Mama mmoja mlinzi akaiona kwenye upekuzi, akamfokea mbele ya watu wote, wewe binti, unataka kutupeleka mbinguni sote kwa ajili ya bwana'ko? Tangu hapo akaogopa kukaa nayo siku za kazi, alisema nikiwa nayo karibu kidole kitaivaa chenyewe. Jumatatu asubuhi ananikabidhi mimi mlangoni pa shule, Jumamosi anakuja kuichukua. Jumapili anakwenda nayo kwenye kanisa lao la Kikatoliki, ambako Phyllis na sisi Walutheri hatukanyagi. Kila Jumapili, kaka. Na uzi mpya.

Kwa hiyo jibu lako ni ndiyo. Aliivua. Anayeitunza ni mimi, na sasa hivi ninavyoandika iko shingoni kwangu kwenye kamba.

Usiseme basi mwambie namwomba msamaha. Subiri kwanza.

Wiki ya mahafali tulikuwa ukumbini tunajaribu ule wimbo wa kuingilia. Nilikuwa napuliza ile noti ya chini kabisa ambayo siku zote inanishinda, mara madirisha yakatikisika yote. Orville akapiga ukelele, Ardis, umeivunja shule! Tukacheka. Na mimi nilicheka, Emmett. Bwana Ostrander akasema ni radi, tuendelee, na nje jua lilikuwa linawaka, hakuna wingu. Tukaendelea mpaka mwisho wa wimbo. Ndipo Orville, aliyekuwa karibu na dirisha, akasema kwa sauti ndogo kwamba ng'ambo ya mto kuna moshi.

Maxine amekufa, kaka. Yeye na wenzake wote wa chumba kile. Jeneza halikufunguliwa.

Mama alisema majeruhi haambiwi msiba, tungoje upone. Lakini barua yako imekuja unasema pete itupwe mtoni, na kwamba tangu Aprili umeacha kumwandikia. Siwezi kungoja. Siwezi kukuacha hata siku moja zaidi ukimwita jina ulilomwita mle.

Hakujua kama umekasirika. Hilo lishike kabisa. Barua zako zilipokatika alisema posta ya jeshi imepandishwa juu ya kobe. Akitoka shule anapitia kwanza nyumbani kwao kutazama sanduku, ndipo anakimbilia basi la kiwandani, na mara mbili hizi nilimwona analikimbiza basi huku anacheka na viatu mkononi. Hakupata kukushuku. Alishuku meli tu.

Siku ya mahafali viti vyenu nyie wa jeshini viliwekewa bendera ndogo. Kiti cha Maxine hakikuwekwa kitu, kwa sababu bendera ni za wanajeshi. Phyllis akaja kuniuliza, kwa ukali hivi, kama kweli Maxine alikuwa na mwingine. Nikaitoa tu pete kifuani, na uzi wake wa kijani, bado mpya. Alikaa chini sakafuni na gauni lake jeupe, ikabidi tumwinue wawili. Usimchukie sana. Mimi namchukia vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Salamu ni nyingi. Baba anakusalimu ingawa hajui nimekuandikia haya. Wazee wa kwao Maxine wanakusalimu pia, na mama yake, Bibi Kubicek, kaniagiza swali. Jiwe la kaburi linachongwa. Yeye anataka chini ya jina waandike "mchumba wa Emmett Sundquist." Mzee Kubicek amekataa, anasema kijana hajaandika tangu Aprili, huenda kamwacha, tusimbandike mtu asiyetaka. Sikuwaambia kitu kuhusu barua yako, na sitawaambia.

Fundi ameacha nafasi tupu. Andika upesi uniambie ijazwe au ibaki.

Ni mimi dada yako,
Ardis