Waya wa Spika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua toka alfajiri. Redio mbili, feni moja, nimemaliza kabla ya saa nne. Hakuna mteja. Tangu mke wangu Tumpe afariki, nyumba hii ina kelele za bati tu. Alikuwa msemaji, nikawa namwambia apunguze. Mjinga mimi.

Nimeshusha amplifaya ya bendi yetu ya zamani kutoka juu ya magunia ya mpunga. Ile ya taa za kioo, ya kabla ya transista. Miaka kumi na tisa sijaifungua hata skrubu moja, kwa hasira. Ambakisye, mpiga gitaa mwenzangu, ndiye aliyeiunguza, kwenye harusi kule Busale, kwa kufungulia sauti hadi mwisho. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Hatujasalimiana tena.

Jumatano, 5 Machi

Nyigu wamejenga ndani. Panya wamekula kitambaa cha spika. Nimefuta, nimepima. Taa zote nne zinawaka, ajabu. Iliyokufa ni transfoma inayopeleka sauti kwenye spika. Mita haisogei. Nilitabasamu, Mungu anisamehe. Si nilisema ni sauti kubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeng'oa transfoma. Waya wa spika haukuwa umeshika. Lehemu ilikaa juu kama tonge, chini waya safi kabisa. Ulichomoka ngoma ikiwa katikati. Amplifaya ya taa ikipigwa bila spika huunguza transfoma, hilo nalijua tangu naanza ufundi.

Na waya umesokotwa kwenda kushoto. Kyela nzima fundi wa mkono wa kushoto ni mimi. Nililehemu mchana uleule wa harusi, haraka haraka, lori linapiga honi nje.

Sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefunga transfoma ya redio kuukuu. Imelia. Sauti ndogo kuliko zamani, ila tamu. Nimepiga gitaa kidogo nikaacha. Naona aibu. Mimi na Ambakisye ni rika moja, tulikula sahani moja tangu utoto. Kesho naenda kwake Njisi. Naogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Jumapili, 9 Machi

Bodaboda. Amplifaya imefungwa nyuma kwa mpira, gitaa mgongoni. Nimemkuta anaanika kokoa. Amezeeka. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa, akaitika. Nikasema yote nikiwa nimesimama.

"Nilijua," akasema. "Nilichungulia nyuma ya amplifaya siku ileile, nikauona waya. Nilingoja useme wewe."

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema nilikuwa na watoto wanne, na nani angempelekea redio fundi wa namna hiyo. Yeye baada ya pale hakuna bendi iliyomtaka. Jina lake likawa mharibu vyombo. Gitaa aliliuza.

Tukachomeka umeme, nikampa gitaa langu. Vidole vyake vimekakamaa. Akajaribu nyimbo mbili, hazikutoka. Akanirudishia taratibu. Nilitaka nimwachie amplifaya, akakataa, akanisaidia kuifunga kwenye pikipiki.

"Ndaga, fundi," akasema. Asante, kama mteja yeyote. Zamani aliniita kwa jina langu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imekatika. Nimefungua amplifaya tena nione kama barabara imelegeza kitu. Kila kiungo kimeshika. Nimeiwasha, nikaisikiliza ikiunguruma hadi chai ikapoa. Haina kasoro. Sina wa kupiga naye.

Nimezima.