Kengele Niliyoinyamazisha

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi sina homa wala kikohozi. Nakula, nalala, naamka.

Uliwahi kuniuliza hasa nafanya nini hapa hospitali, nikakujibu kwa mzaha kwamba nalipwa kutazama vidoti. Ndivyo ilivyo. Kuna mashine moja kabatini inayochunguza mtandao wote wa jengo. Haina kioo wala kibodi. Naiendesha kupitia ukurasa wa kwenye kompyuta yangu. Kila kifaa, hata majokofu na joto lake, ni kidoti: kikiwa kijani ni kizima, kikiwa chekundu kina tatizo, na simu yangu hulia.

Mwezi uliopita walikuja wapaka rangi ghorofa ya chini. Kutwa walikuwa wakichomoa nyaya, na simu yangu ikilia mpaka kichwa kikaniuma. Walimaliza Jumatano wakaenda zao.

Ijumaa alasiri jokofu la damu, ambalo liko ghorofa hiyo hiyo, liliharibika. Hakuna aliyejua hadi Jumatatu asubuhi, mtunza damu alipolifungua akakuta mifuko yote ina joto. Ikatupwa yote. Mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa ilibidi akimbizwe hospitali nyingine. Alifika, dada, na mtoto yu hai. Lakini daktari aliyemsindikiza alisema walifika kwa kudra tu.

Mtunza damu ni mama mtu mzima, ana miaka kumi na tisa kazini. Sote tunamwita Mama Baridi, na mwenyewe hucheka. Fundi wa majokofu alisema injini ilizidiwa. Huenda mlango uliachwa wazi, huenda ni uzee tu. Mkuu wetu akashika la mlango. Mama Baridi akasema aliufunga, tena huusukuma kwa bega kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Mkuu akanituma nilete ushahidi kutoka kwenye ule ukurasa wangu.

Nilichapisha mchoro wa joto. Ulionyesha joto likianza kupanda saa kumi jioni, muda mfupi baada ya yeye kutoka. Nikampa karatasi mkononi. Aliitazama, kisha akasema taratibu, “Kumbe hata mashine inanisema mimi.” Akaambiwa arudi nyumbani asubiri barua. Nilimfungulia mlango.

Sasa nikwambie, dada, maana sijamwambia mtu wa nyumbani. Kwenye ukurasa ule kuna orodha nyingine, ya nani alifanya nini na saa ngapi. Imeandikwa kwamba Jumanne, wapaka rangi wakiwa kazini, mtu alinyamazisha kengele za ghorofa ya chini. Ungeweza kuchagua zinyamaze kwa muda wa saa mbili tu. Mtu huyo alichagua hadi atakapozirudisha mwenyewe, na hakuzirudisha. Kidoti kilikuwa chekundu siku tatu bila simu kulia. Jina lililoandikwa hapo ni langu. Nililiona kabla sijachapisha ule mchoro.

Nilikaa nalo siku tisa. Alhamisi nikaichapisha orodha hiyo, nikampelekea mkuu. Aliuliza kwa nini nimeleta leo. Nikamwambia sijui, na kweli sijui. Nimesimamishwa kazi, na Mama Baridi ameitwa arudi.

Tulikutana getini, mimi natoka na sanduku la vitu vyangu. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliniuliza kama siku ile nilijua. Nikasema nilijua. Akanitengenezea kola ya shati, iliyokuwa imekunjika, kama unavyonifanyia wewe, halafu akaingia ndani.

Nangoja nilie, sijalia bado.

Usimwambie mama, nitakuja mwenyewe mwisho wa wiki. Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya mama yao mdogo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba