Kuta za Magurudumu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, na usizipokee kwa mkono mmoja maana ni nyingi: zangu, za Baba, na za jirani yetu mshona viatu, ambaye hadi leo anaapa kwamba wewe ndiye uliyevunja dirisha lake. Sisi hatujambo. Miguu ya Baba inamsumbua asubuhi na kumhurumia mchana. Macho yake yako vilevile, ukungu juu ya ukungu, na daktari anasema huyo mtoto wa jicho ataondolewa zamu yetu ikifika. Wewe je? Kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea vyuma kimeisha? Wifi hajambo? Na wale wawili, yule wa shule na yule wa meno? Mwambie wa meno kwamba shangazi yake anamsalimu na anamsihi asiume watu.

Barua yako ilifika Jumamosi. Najua simu haishiki huko kambini mpaka mpande kilimani, na Baba mwenyewe anasema heri barua, kwani barua unaweza kumwomba mtu airudie. Basi tafuta mahali ukae vizuri, hii yangu ni ndefu. Hamkuniita Kasuku bure.

Umeuliza kazi yangu ya kusoma imefikia wapi. Kile chama cha wasioona kilikuwa kinatafuta wasomaji wa kurekodi vitabu vya shule, na masharti yao ni mawili tu: usiongeze wala usipunguze neno, na sauti iwe safi. La kwanza nililivuka bila jasho. La pili likaniangusha chali. Niliwapelekea sura moja niliyoirekodi katika chumba chako, na mama anayesimamia kazi akanipigia kunieleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kukataa watu, kwamba nasoma vizuri sana ila nasikika kama mtu aliyetumbukia ndani ya tangi la maji. Akanipa mwezi mmoja nirekebishe chumba, kisha nipeleke sura nyingine.

Ukweli ni kwamba alisema kweli tupu. Ukipiga kofi moja katikati ya chumba chako kinakurudishia matatu. Kuta ni tupu na sakafu ni saruji, hakuna chochote cha kumeza sauti. Dawa yake ni kuzifunika kuta kwa vitu laini. Lakini wewe ulipoondoka, miaka sita iliyopita, uliacha agizo moja: msumari usiingie katika kuta zangu, chumba hiki nitakirudia. Baba amelishika agizo hilo kama amana. Hata kalenda haijawahi kutundikwa humo. Nilipotaja misumari aliniuliza tangu lini nimeota pembe. Nikanywea. Baada ya siku mbili akaja yeye mwenyewe na wazo: kama kuta za chumba haziguswi, basi tutengeneze kuta nyingine. Ziwe nne, zisimame juu ya magurudumu, zinizunguke pale ninaposoma. Siku kaka yako akirudi, akasema, tunazisukuma nje, tunamrudishia kitanda chake, na hatajua hata kama tuliingia.

Laiti ungemwona! Tangu macho yamtoe karakanani sikuwahi kumwona anaamka akiimba. Alinituma mbao, plaiwudi ya kuzibia migongo ya kuta, mablanketi makuukuu, na pamba ya magodoro magunia manne. Muuza vyombo vya muziki alitaka kutuuzia mabamba maalumu ya kuzuia mwangwi. Baba akalifinya moja, akalinusa, akasema ameshindilia magodoro miaka arobaini na hajawahi kukutana na pamba yenye maringo kama ile. Kitambaa alikichagua kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo. Kila jora alilishika, akaliweka kwenye midomo na kupuliza, huku mwenye duka akimkodolea macho. Hewa ikigoma kupita, jora linasukumwa kando. Aliniambia kwamba pasipopita pumzi, sauti nayo haiingii, itagonga na kurudi. Mimi nilimwonea haya mwenye duka, lakini baadaye nikasoma kwamba wataalamu wenyewe hupima hivyohivyo.

Ukuta wa kwanza ulitutia aibu. Tuliumaliza jioni, mlemle chumbani mwako, umenona vizuri. Asubuhi tukaukuta pamba yote imeteremka: juu pamebaki kitambaa na hewa, chini tumbo la miezi tisa. Baba aliupapasa kuanzia juu, akashuka taratibu, alipofika kwenye tumbo akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akakiri kosa ni lake. Godoro hulala na ukuta husimama, alisema, na pamba yake haijawahi kufundishwa kusimama. Akaufumua wote, akaushona upya kwa vijumba vidogovidogo, kila kijumba na pamba yake, na kila pembe akaikaza kwa kifundo kwa ile sindano yake ndefu. Alishona kwa vidole tu, macho ameyafumba kabisa, anasema yanamchanganya. Mimi kazi zangu zilikuwa kutunga uzi, kushika futi na kutukanwa.

Wiki ya tatu kuta zote nne zilikuwa zimesimama, kila moja inamzidi Baba urefu. Magurudumu tuliyatoa kwenye vitanda chakavu vya hospitali, na chini tukazivalisha marinda ya blanketi ili sauti isipenye uvunguni. Nikaingia katikati, nikapiga kofi. Kofi lilitoka, kaka, halikurudi. Nikatoka mbio nikamkumbatia Baba, naye akaniuliza kama kuna kitu kimeungua. Sura niliyoirekodi humo ilikubaliwa siku iyohiyo. Wamenipa vitabu kumi na viwili, na kile cha kwanza wanafunzi wanakihitaji kabla ya muhula kuanza.

Ningependa kuishia hapo, lakini wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baba alitaka tufanye mazoezi ya kurudi kwako. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Tuusukume ukuta mmoja hadi sebuleni, tuone inachukua muda gani. Tukausukuma. Ukafika mlangoni, ukagonga kizingiti cha juu, ukakataa. Tukaulaza ubavu, ukatoka nusu, ukagonga ukuta wa ukumbi na kukwama, maana ukumbi wetu unaujua, watu wawili wakipishana lazima mmoja aombe radhi. Tukajaribu kwa pembe, tukajaribu kwa nyuma, tukajaribu kwa matusi. Baba akasimama ameshika kiuno, haelewi. Ndipo likanijia. Miaka arobaini ameingiza magodoro katika vyumba vya watu na hajawahi kupima mlango hata mmoja. Ya nini? Godoro unalikunja, linapita. Na mimi niliyeshika futi muda wote sikufikiri pia, mtoto wa fundi magodoro ni fundi magodoro.

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Alimwita fundi seremala wa mtaa wa pili, ambaye alizitazama kuta na kusema dawa ni moja: kuzikata kila moja katikati kwa msumeno na kuziunga kwa bawaba ili zijikunje. Nikamuuliza pamba itakuwaje. Akajibu bila kuficha kwamba vijumba vya katikati vitapasuka vyote, ushonaji utaanza upya, na hapo kwenye bawaba sauti itapata njia. Mimi nikahesabu siku nikaona kitabu cha kwanza kimekwenda, na pengine kazi nzima. Baba akamwambia fundi aje Jumatatu na msumeno. Kitabu kinaweza kusubiri, alisema, lakini mwanangu hawezi kufika akakuta njia ya chumbani kwake imezibwa. Akaenda kukaa karibu na ule ukuta wa kwanza, akawa anapitisha vidole juu ya vifundo vyake kimoja kimoja, vile ambavyo ametoka kuvihukumu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Barua yako ikafika Jumamosi.

Sasa nisikilize vizuri, na kama umesimama kaa. Nilimsomea Baba kama ninavyomsomea siku zote. Nikasoma habari za kikohozi, za mtoto kuanza shule, za jiko uliloliezeka upya, za kisima ulichochimba nyuma ya nyumba. Kisha nikafika pale mwishoni, pale unapoandika kila mara kwamba utarudi mambo yakitengemaa. Hapo sikupasoma. Nilipavuka kimya, na mahali pake nikaweka maneno yangu, kwa sauti ileile, bila kukwama: Baba, chumba changu mpe Kasuku. Makazi yangu yako huku sasa. Nitakuja kuwaona, lakini sitarudi kuishi.

Ndivyo nilivyofanya, mimi ninayelipwa kwa kutoongeza wala kupunguza neno. Nimempunguzia Baba na nimemwongezea, na nimelitumia jina lako.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Nilitegemea alie, au auhisi uongo wangu na kunifokea. Badala yake akauliza maji ya hicho kisima ni matamu au ya chumvi. Nikamwambia hukuandika. Akasema mtu hachimbi kisima mahali anapopita. Akasema amelijua hilo tangu mwaka wa pili, ila aliogopa kwamba akikitoa chumba utadhani amekufukuza, naye alihisi kwamba wewe unaogopa kusema usije ukamvunja moyo. Tumelindana sana, alisema, tukasahau kuulizana. Akanituma kwa fundi nikamwambie asije. Na kwa nini nisiseme lote: aliposema hivyo nilifurahi kabla ya kuona haya. Haya ilikuja baadaye, nilipokuwa njiani.

Kaka, nakitaka chumba. Nimekitaka miaka mitatu na sikuwahi kusema, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na ulikuwa umesema la mwisho. Nilipaswa kukuomba kama mdogo anavyomwomba kaka yake, sio kukuibia kauli. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho leo. Sijui kama nimekusemea jambo lililokukwama kooni, au nimekuzulia jambo ambalo hukulifikiria kamwe. Wewe peke yako ndiye unayejua. Kama unarudi kweli, niambie, nami mwenyewe nitamwita fundi na msumeno wake, na sitanuna. Lakini kama hurudi, tafadhali mwandikie hivyo kwa mkono wako. Anastahili kulisikia kutoka kwako, si kwa kasuku.

Kwa vyovyote, barua yako ijayo nitamsomea kama ilivyo, neno kwa neno, hata pale utakaponiita mwongo. Hapo hasa sitaruka kitu.

Msalimie sana wifi, mwambie siku moja nitakuja kuyaonja hayo maji. Wabusu wale wawili. Baba anakuombea usiku na mchana, na anasema uvae ile miwani ya kazi, maana macho hayana spea. Yuko hapa kando yangu na sindano yake. Tangu Jumamosi anashona magodoro mawili madogo ya kutandika sebuleni, siku mtakapokuja kututembelea. Hajawaona wajukuu zake hata mara moja, kwa hiyo kila mara anasimamisha uzi na kuniuliza wana urefu gani, nami najibu kwamba sijui. Anasema nikuandikie uwapime.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makosa na mwenye kukupenda,

Kasuku